Mbegu za mtama wa ethanoli zijaribiwe kwa jua letu kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya huu mtama unaozungumzwa huku kwetu, wa kutengeneza ethanoli, yaani spiriti ya kuchanganya na petroli, manake kila mtu yuauliza ekari italipa ngapi na hakuna anayeuliza mbegu ilizalishiwa jua la wapi.

Kule Texas wataalamu wana mtama wa shina na majani tu, waweza kupita mita 4. Siri ni jeni, yaani vinasaba, zinazopima urefu wa mchana. Mtama kiasili huchanua msimu ambao usiku ni mrefu, sasa kiangazi chao mchana wafika masaa 14, basi mmea hautoi suke, waongeza shina miezi na miezi mpaka mchana upungue ukaribie masaa 12 na dakika 20 hivi ndio uchanue. Hilo shina ndilo mali, manake ndilo la kugeuzwa ethanoli.

Lete mbegu hiyo hiyo Likoni. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, hata Disemba mchana wetu haufiki masaa 12 na nusu! Mmea utachanua mapema ukiwa bado mfupi na mkulima ataambiwa hakutia mbolea. Mbono kaburi, ule mti wa mafuta, tushauona, watu waliambiwa utazaa hata kwenye ardhi mbovu, ukamea vizuri tu lakini mbegu za kukamua hazikutosha.

Sipingi jeni hata kidogo, nazitaka sana. Mmea una protini yaitwa faitokromu, ndiyo inayosoma mwangaza, kwa hivyo ukiusonga na wenzake wajua umezibwa jua, wakimbilia juu na shina jembamba. Angalia mahindi yaliyobanana, kusi ikivuma yote yako chini. Wataalamu wakiweza kurekebisha jeni za hiyo protini kwa mtama wetu tutapanda kwa kubana na shina libaki nene, na kwa shamba la ekari moja hiyo ni tofauti kubwa.

Ombi langu ni kwa KALRO Mtwapa, kituo cha utafiti wa kilimo, na Chuo Kikuu cha Pwani. Pandeni aina kadhaa, za nje na za kwetu, msimu wa masika na wa vuli, mkate, mkaushe, ndio mpime kilo, manake mtama mbichi mwingi wake ni maji tu. Halafu matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye baraza la chifu kabla mkulima yeyote hajatia sahihi mkataba wa kuupanda.

Mkulima, Kisauni, Mombasa