Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Utafutaji wa Metali Majini

Ndugu wanachama,

Kilichoniuma zaidi mwaka huu ni detekta, yaani mashine ya kutafutia metali, nzima kufa kwa kuingiwa na maji. Chanzo kilikuwa kilekile: oringi, yaani pete ya mpira inayozuia maji, ya mlango wa betri. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikilala juu ya mpira huo, maji yamepata njia. Mzamiaji aliye mita 10 chini ana shinikizo mara mbili ya lile la juu, lakini anayetembea maji ya kiunoni naye asijidanganye. Mashine iliyoachwa juani ikatumbukizwa ghafla, hewa ya ndani hupoa, hunywea na kuyafyonza maji.

Kwa hiyo tufanye hivi. Oringi itolewe kwa kidole au kijiti cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi. Mfereji wake ufutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha mpira upakwe grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu; ikizidi hukamata mchanga. Mlango ufungwe nyumbani, si ufukweni kwenye upepo. Ukitoka majini, suuza mashine kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushe, ndipo uifungue.

Kuhusu milio ya uongo: maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine inayotumia masafa mamoja tu ya mawimbi huyasikia kama metali. Punguza usikivu hadi itulie, na usiipandishe koili (kichwa cha mashine kinachohisi metali) nje ya maji na kuirudisha kila mara. Ya masafa mengi huvumilia zaidi. Ya mapigo, itumayo umeme kwa mipigo mifupi mifupi, hutulia hata penye mchanga mweusi, ila haichagui: msumari na pete vyote vitalia, nawe utachimba vyote.

Watembeao wachague maji ya bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, waingie maji yakiwa bado yanakupwa. Buruta nyayo ili samaki taa aliyejifukia apate kukimbia. Mlio ukipatikana, koili isiondoke kabla mguu haujakaa pembeni yake, kwa maana maji hayahifadhi alama. Sepeto yenye matundu ya kuchujia mchanga izamishwe palepale. Usimwage mchanga kabla ya kupitisha koili tena juu ya shimo. Pakiwa kimya, kitu kimo ndani ya sepeto. Matundu ya milimita 10 hadi 12 hushika pete, ingawa hereni ndogo hupenya.

Kwa wazamiaji, koili inayoelea huchosha mkono. Iongezewe uzito hadi izame kidogo tu. Iwe mbali na mkanda wa uzito wa madini ya risasi na mtungi wa hewa. Mchanga upepewe kwa kiganja, kisha subiri vumbi litulie. Hedifoni zisizo na waya hazifai, kwani mawimbi ya redio hufia majini. Tumia za waya, nao upite chini ya mkanda wa barakoa usinase. Masikio yakinogewa na milio, macho husahau geji ya hewa. Mwenzako awe karibu.

Chenye umbo la bomu kisiguswe. Weka alama, toka, toa taarifa. Mabaki ya kale yaliyozama miaka 100 au zaidi ni urithi chini ya Mkataba wa UNESCO wa 2001: yaachwe yalipo.

Kamati inapendekeza kwamba, kuanzia mazoezi yajayo, oringi ya kila mashine ikaguliwe na mwanachama mwingine kabla ya kuingia majini. Naomba mkutano upige kura.

Mwenyekiti