Gitaa la baritoni huanzia kwenye uzi wa sita

Rafiki yangu Idi,

Salamu nyingi. Mchoro wako nimeuona, na kiwiliwili kimekaa vizuri, ila umeanzia mwisho. Mbao umechagua, rangi umechagua, pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) umechagua, halafu penye nyuzi umeandika "za kawaida". Gitaa la baritoni la hevi metali, yaani refu kuliko la kawaida na linalokazwa kwa sauti ya chini hivyo, hupangwa kuanzia uzi wa sita, ulio mnene kuliko wote. Ukishajua unene wake na sauti utakayoukazia, vipimo vingine vinafuata.

Fanya hesabu uone. Uzi wa inchi 0.046, ambao ndio mnene kuliko wote kwenye seti nyingi, ukishushwa kutoka noti ya E hadi B hubaki na asilimia 56 tu ya mkazo wake. Urefu wake kutoka mfupa wa juu (kipande chenye vijia vya nyuzi mwanzoni mwa shingo) hadi briji (kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili) ukiuongeza kutoka milimita 648 za gitaa la kawaida hadi 686, mkazo huo uliobaki unapanda kwa asilimia 12. Jumla haifiki mbali: kama kilo 5. Uzi uliolegea kiasi hicho, ukiuchapa kwa nguvu, sauti inaruka juu kwanza ndipo itulie mahali pake, na kwenye distoshoni (sauti iliyokwaruzwa makusudi) nzito watu watadhani hujalikaza gitaa. Kwa hiyo urefu peke yake hautoshi. Kwa B, E, A, D, F#, B kwenye milimita 686, uzi wa sita uwe 0.062 na wa kwanza 0.013 au 0.014. Hapo uzi wa sita unavuta karibu kilo 9. Ukitaka kushuka hadi A, weka 0.070, mkazo utakuwa uleule. Uzi wa tatu chukua uliozungushiwa waya, 0.024 hivi, ukiwa mtupu kwa unene huo ni mgumu kama msumari na hautakubali kulingana na wenzake kwenye freti (vyuma vinavyokatisha shingo) za juu.

Milimita 762 ulizoandika sizipendi kwa rifu (vifungu vifupi vinavyorudiwarudiwa) za haraka. Freti za mwanzo zinaachana mno, vidole vinachoka mapema. Kwenye 686, kutoka freti ya kwanza hadi kwenye briji unabaki na milimita 647.5, yaani karibu sawa na gitaa la kawaida zima. Ni kama umeongezewa freti moja tu upande wa kichwa, na mkono unazoea upesi.

Mahali pa freti, gawa urefu kwa 17.817 upate ya kwanza: milimita 38.5. Urefu uliobaki ugawe tena kwa namba hiyohiyo upate inayofuata, na kuendelea hivyo. Lakini unapochora kwenye ubao, pima kila freti kutoka kwenye mfupa wa juu, usipime kutoka freti iliyotangulia, maana makosa madogo hujumlishana na ukifika ya 24 umepotea. Ya 12 lazima iangukie 343 kamili. Vijia vya freti viwe vipana vya kutosha kwa ulimi wa freti zako (sehemu inayozama ubaoni), kama milimita 0.6. Vikibana mno, freti 24 kwa pamoja hufanya kazi ya kabari na shingo inapinda kwenda nyuma kabla hujafunga hata uzi mmoja.

Shingo yenyewe ijenge kwa vipande vitatu au vitano vilivyogandishwa, mistari ya mti ikipishana mwelekeo. Nondo ya katikati, ya kunyooshea shingo, iwe ya kukaza pande zote mbili. Pembeni yake laza fito mbili za kaboni. Shingo ni ndefu na nyuzi ni nzito, usiiachie nondo kazi yote. Ubao wa mpingo juu yake ni sawa kabisa.

Sasa briji, ambapo wengi huharibu. Uzi mnene huhitaji kurefushwa zaidi ili freti zilingane, kwa hiyo usiweke katikati ya safari ya vitandiko (vipande vya briji vinavyobeba nyuzi na kusogezwa mbele au nyuma) kwenye alama ya 686. Sukuma kitandiko cha uzi wa kwanza mbele karibu kabisa, ndipo ukiweke kwenye alama hiyo, nafasi yote ibaki nyuma. Uzi wa sita huenda ukarudi milimita 5 au 6. Ukitoboa kabla ya kufikiria hilo, utakuja kuziba matundu kwenye mkangazi uliokwisha pakwa rangi. Hakikisha pia uzi wa 0.070, ambao ni milimita 1.78, unapita kwenye tundu la ufunguo wa kukazia. Mara nyingi haupiti, na tundu inabidi liongezwe.

Pembe ya juu ya kiwiliwili irefushe hadi usawa wa freti ya 12. Kwenye mchoro wako imeishia ya 15, na kichwa cha gitaa kitakuwa kinaanguka kila ukiachia mkono.

Pikapu ulizochagua ni za betri ya volti 9, basi vidhibiti vya sauti viwe vya kiloomu 25, visiwe vya 500. Ukiweka vya 500 sauti itakuwa ipo au haipo, katikati hamna kitu. Soketi ya kebo iwe ya miguso mitatu ili betri izimike ukichomoa. Pikapu zisikae karibu mno na nyuzi: bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, acha milimita 3.

Kijia cha uzi wa sita wa 0.062 kwenye mfupa kichonge kwa upana wa milimita 1.65 hivi. Kikiwa chembamba uzi hung'ang'ania, kisha hulia "ting" na sauti inahama.

Ukishafunga nyuzi, liache gitaa siku nzima likiwa limekazwa, shingo itulie. Halafu bonyeza uzi wa sita freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, upime pengo juu ya freti ya 8: milimita 0.25 inatosha. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 anza na milimita 2.0 kwa uzi wa sita na 1.5 kwa wa kwanza. Ukisikia mtetemo wa freti, nitumie kwanza kipimo cha lile pengo, usiguse patasi wala tupa.

Wako,
Fundi mwenzako