Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu mgeni rasmi, ndugu wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama mliofika,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vikao vya Jumamosi, ambavyo chama chetu huwakutanisha wagonjwa wa akili na wanyama ili kuwasaidia kutulia, vimeendelea, darasa la uchoraji limeendelea, muuguzi wa afya ya akili amekuja kila alipopata ruhusa kazini kwake, na Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tuliiadhimisha kwa matembezi mafupi na soda. Washiriki wanaotumia dawa wameendelea kuzitumia. Hili nalirudia kwa sababu hakosekani mzazi wa kuuliza kama mwanawe sasa aache vidonge. Asiache. Mnyama na rangi vinasaidia tiba, havichukui nafasi ya dawa.

Mapato: ada Sh 1,380,000, wahisani Sh 4,200,000. Matumizi: Sh 5,410,000, wakiwemo wanyama na chakula chao, rangi, nauli na posho ya mwalimu. Mchanganuo anao mhazini.

Sasa nije kwenye suala la punda.

Najua yanayosemwa: kwamba mwenyekiti amekishusha chama hadhi, kwamba tulianza na farasi tukaishia na punda. Mwenzetu mmoja aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mgonjwa wa akili ameshaitwa majina ya kutosha mtaani, na leo chama chake mwenyewe kinamkabidhi punda. Neno hilo liliniuma, ndiyo maana nalijibu hapa mbele ya watu.

Farasi hawakuwa wetu. Tuliwakodi kwa saa, shamba moja upande wa Usa River, na bei ilikuwa inapanda. Masika yalipoingia mwenye shamba akasitisha kukodisha, akawafungia wanyama wake bandani jioni hadi asubuhi kwa hofu ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na usubi. Farasi akiupata, mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Pundamilia na punda wa huku kwetu huubeba bila kuugua sana. Wanaosema tungenunua farasi wetu wenyewe wanieleze nani angelipia chanjo ya kila mwaka, fundi wa kwato, banda la neti, na daktari wa mifugo anayewajua farasi, ambaye hata hapa Arusha unamtafuta kwa tochi.

Kamati ilikutana. Akidi ni wajumbe watano kati ya tisa. Tulifika watano, wa tano akiingia wakati tunafunga. Kwa hoja yangu, ambayo siikani, tukanunua punda wawili mnadani.

Nimeambiwa farasi ndiye wa kitaalamu. Sibishi. Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza miguu chini ya magoti kwa polio ya mwaka 1944, alipata medali ya fedha ya kuendesha farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952, na Ulaya ikaanza kufungua vituo vya kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu. Lakini hiyo ni kazi ya kupanda, ya kunyoosha mwili. Sisi hatupandishi mtu. Kazi yetu ni ya chini: kupiga brashi, kuongoza kwa kamba, kusimama karibu na mnyama mpaka pumzi itulie. Kazi hiyo punda anaiweza, na mahali pamoja anamzidi farasi. Farasi akishtuka hukimbia. Punda akishtuka husimama, anapima. Tunamwita mkaidi bure.

Kijana mmoja, jina nalihifadhi, alikuwa anamvuta yule punda jike avuke gogo lililolazwa chini. Kadiri alivyovuta, punda aligoma. Akamtukana, akatupa kamba, akakaa juu ya gogo lenyewe akiwa amempa mgongo. Punda akasogea mwenyewe, akanusa kola ya shati lake. Jumamosi iliyofuata alishika kamba ikiwa imelegea, wakavuka. Muuguzi hakumhubiria, alimpa rangi ya mafuta ya kopo na kipande cha hadibodi, vifaa vilevile vya wachoraji wa Tingatinga. Akachora kamba tu, nyekundu, imelala hadibodi nzima. Mama yake akaniuliza punda yuko wapi. Nikamwambia amuulize mwenye picha, na nasikia usiku ule walizungumza kuliko walivyowahi kuzungumza mwaka mzima.

Hapohapo nijibu pendekezo la kuuza picha za washiriki kwa watalii. Nimelikataa na nitaendelea kulikataa. Picha ya kikao ni sawa na faili la mgonjwa. Adrian Hill, Mwingereza aliyebuni jina la tiba kwa sanaa mwaka 1942, aliiona faida ya kuchora akiwa mwenyewe amelazwa kwa kifua kikuu. Hakuwa anatafuta soko.

Na Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Bara zima limeona thamani ya mnyama huyu, isipokuwa wachache kwenye kundi letu la WhatsApp.

Mahudhurio ni aibu. Daftari lina wanachama 64. Waliolipa ada ni 23, na ada yenyewe ni Sh 60,000 kwa mwaka, yaani elfu tano kwa mwezi, pungufu ya vocha za wengi wetu. Waliosaini barua ya kupinga punda ni 11. Kati yao wawili ndio wamelipa. Sitaji majina, mhazini anayo. Wanakuja siku ya mgeni rasmi, picha zikishapigwa hawaonekani. Juni, fedha zilipokwisha, pumba na nyasi nililipia mimi. Sidai kurudishiwa, ila naomba katibu aliandike kwenye muhtasari.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata banda la kudumu, mshauri nasaha wa kuajiriwa, na pengine farasi mmoja mtulivu mfadhili akijitokeza. Suala la kiwanja bado tunalifuatilia halmashauri.

Uchaguzi ni ajenda ya saba. Fomu nimechukua. Kwa mujibu wa katiba yetu, asiyelipa ada hapigi kura, na mhazini amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti