Mwanaisha, umeanzia mwisho

Mpendwa Mwanaisha,

Salamu nyingi, natumai u mzima na wa nyumbani wote hawajambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale ulipoandika kwamba Julia Morgan, yule msanifu majengo wa Marekani, alikuwa fundi wa tajiri tu, akijenga na kubomoa kila bwana alipobadili mawazo. Hilo siwezi kuliacha lipite.

La kubomoa sikatai. Kule San Simeon, California, William Randolph Hearst, yule tajiri mwenye magazeti aliyekuwa akijengewa jumba na Julia, alikuwa haishi kugeuza mawazo. Bwawa la kuogelea la Neptune lilijengwa, likapanuliwa, likaja kujengwa upya. Kazi ile ilianza 1919 ikaburuzwa hadi 1947. Ila jiulize Julia alikuwa akifikaje huko. Wiki nzima yuko ofisini kwake San Francisco, Ijumaa usiku anapanda treni mpaka San Luis Obispo, kisha gari hadi mlimani, na Jumapili usiku anageuza. Chini ya sketi alivaa suruali, maana saiti lazima apande majukwaa aone mwenyewe. Mtumishi wa kupokea amri hajisumbui hivyo.

Lakini wewe umeanzia mwisho, mwenzangu. Anzia Oakland, 1904. Mwaka huohuo alipata leseni ya usanifu majengo, mwanamke wa kwanza kuipata California, na mnara wa kengele aliokabidhiwa na chuo cha wanawake cha Mills ukakamilika. Aliujenga kwa zege lenye nondo, wakati wengi huko bado imani yao ilikuwa kwenye matofali. Mita 22 kwenda juu, na kengele 10 zimening'inia ndani. Uzito wote huo uko juu, Mwanaisha! Tarehe 18 Aprili 1906, alfajiri, ardhi ikatetemeka. San Francisco ikaporomoka, kilichobaki kikaungua. Mnara wa Mills ukabaki umesimama.

Wewe mhandisi huhitaji kufundishwa. Tofali hubeba mzigo wa kulikandamiza bila kulalamika, lakini likivutwa huku na huku viungo vinaachana. Zege peke yake ni hivyohivyo. Nondo ndizo zinazolishika lisichanike. Julia alilijua hilo kwa sababu kabla ya usanifu alisomea uhandisi ujenzi Berkeley, akamaliza 1894. Watu humtaja kama mchoraji wa majumba ya kifahari. Mimi naona mhandisi aliyejua kuchora.

Baada ya tetemeko wenye hoteli ya Fairmont, San Francisco, wakamwita. Jengo lilikuwa karibu kufunguliwa, moto ukapita ndani. Likafunguliwa Aprili 1907. Mwandishi wa gazeti akaja kumhoji, akaanza kumsifia rangi na mapambo. Akajibiwa kwamba mapambo ni ya kampuni ya New York; kazi yake yeye ni muundo unaoshikilia jengo. Nikifika hapo huwa nacheka peke yangu, maana mwezi uliopita nimeulizwa saitini kama nimekuja kupima mapazia. Nilikuwa nimeshika ramani ya msingi.

Paris nitakugusia tu, maana najua unaikumbuka mitihani ile kwa sababu zako. École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa cha huko alikosomea usanifu, haikuruhusu wanawake kufanya mtihani wa kuingia hadi 1897. Alijaribu, akafeli, akafeli tena, akapita mara ya tatu, 1898. Na ilimpasa amalize kabla hajatimiza miaka 30. Akamaliza, muda ukiwa umekaribia kwisha.

Kwa hiyo huyo Hearst ni mteja mmoja. Majengo ya Julia yanapita 700: nyumba za watu wa kawaida, makanisa, majengo ya YWCA, kile chama cha wanawake wa Kikristo, na kituo cha mikutano cha Asilomar, ambako alianza kujenga 1913. Kinachoniudhi ni medali ya dhahabu ya chama cha wasanifu majengo cha Marekani. Walimpa 2014. Alikwisha kufa 1957! Hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata kabla yake, na huyu wa kwanza hakuwepo kuipokea.

Haya, tubishane tena ukiniandikia. Ramani yako ya ngazi nimeipitia. Nimetia alama ya penseli pale nondo za ngazi zinapoingia kwenye boriti. Naona umezikata fupi mno. Itazame kabla hawajamwaga zege.

Wako,
Rukia