Vijana wanaochanganya miziki sio wezi, ni watunzi

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Huku Mtwara kila ukikaa kijiweni utasikia mtu mzima anasema vijana wa siku hizi hawatungi kitu, wanachukua nyimbo za watu wanazikatakata kwenye kompyuta basi wanajiita maprodyuza. Mi nakataa kabisa.

Kuna kijana mtaani kwetu Chikongola alichukua sauti za mnada wa korosho, pale bei za wanunuzi zinaposomwa halafu wakulima wanaulizwa mmekubali au hamjakubali, akaziweka juu ya ngoma ya sindimba aliyorekodi kwa simu kijijini kwao Newala, akaongeza spidi mpaka ikakaribia singeli. Ile "hatujakubali" ya wakulima ndo akaifanya kiitikio. Sasa niambieni, mnadani hakukuwa na wimbo na kwenye ngoma hakukuwa na korosho, nani kaviunganisha mpaka vikasema uchungu wa mkulima kama sio yeye? Kazi iko kwenye sikio, kujua hii sauti inaitana na ile, akate wapi, arudie mara ngapi, kompyuta haimwambii hayo.

Singeli yenyewe imetokea hivyohivyo, vijana wa uswahilini Dar walichukua vipande vya taarabu wakavizungusha kwa spidi wakachana juu yake, leo inapigwa mpaka kwenye matamasha ya Ulaya. Na kabla ya hapo babu zetu wa pwani waliona bendi za jeshi la mkoloni wakachukua tarumbeta, gwaride na hata vyeo wakatengeneza beni, na hakuna anayesema beni sio ngoma yetu. Marekani nako mwaka 2004 prodyuza Danger Mouse alichukua sauti ya rapa Jay-Z akaipigia biti alizozitengeneza kwa kukatakata nyimbo za bendi ya Beatles, akaiita The Grey Album, kampuni ya EMI iliyokuwa na haki za rekodi za Beatles ikamtaka aache kuisambaza lakini watu wakaisambaza wenyewe kwenye intaneti, maana waliokuwa wanajua nyimbo zote mbili walisikia kitu cha tatu kabisa.

Kwenye haki za watu tuwe wakweli lakini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 naiunga mkono, anayedurufu nyimbo za watu kwenye memori kadi na kuuza huyo mwizi tu. Anayechukua kipande akajenga kitu kipya ni mtu mwingine, ila naye aombe ruhusa, amtaje mwenye kazi, na hela ikiingia wagawane. Shida vijana wa huku hawajui hiyo ruhusa inaombwaje, studio zenyewe ni chumba kimoja na magodoro ukutani, kwa hiyo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, waje Mtwara na Lindi wakae nao wawaelekeze badala ya kusubiri kesi.

Na wazee wetu je? Yule mpiga ngoma wa Newala hakutajwa popote kwenye ule wimbo, nikamwambia kijana uso kwa uso, akakubali, toleo jipya lina jina la mzee. Maafisa utamaduni nawaomba sana warekodi hizi ngoma vizuri, waandike nani kapiga na wa kijiji gani, halafu wawape vijana wazitumie. Wazee niliowauliza wanataka zisikike.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara