Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya maafa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia mapema, mvua hazijaanza, kwa sababu zikishaanza hutapata nafasi ya kusoma barua.

Kila mafuriko yakitokea tunaona mambo yaleyale. Lori la misaada limefika, lakini turubai halifunguliwi. Mablanketi yamo ndani, watoto wamelowa nje, na wote wanamsubiri mgeni rasmi aje apigwe picha akimkabidhi mama mmoja blanketi moja. Sisemi viongozi wana roho mbaya. Nasema wamejifunza kwamba picha ile ina kura, na mtaro uliozibuliwa miezi sita kabla hauna.

Hilo limepimwa. Mwaka 2009 Andrew Healy na Neil Malhotra walichapisha utafiti kuhusu chaguzi za urais Marekani. Fedha za misaada zilikiongezea kura chama kilicho madarakani. Fedha za kujiandaa hazikukiongezea kitu. Na kwa hesabu yao, dola 1 ya kujiandaa ilizuia hasara ya takribani dola 15 baadaye. Utafiti mwingine huko huko umeonyesha kwamba majimbo yenye uzito katika kumrudisha rais madarakani yalitangaziwa maafa mara nyingi zaidi.

Lakini kujiandaa kunalipa, Mheshimiwa, kunalipa uhai. Mwaka 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Baadaye yakajengwa majengo ya kujihifadhi, wakafundishwa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti na bendera kuwahimiza wenzao wahame. Kimbunga kikali cha Sidr kilipopiga mwaka 2007, waliokufa walikuwa elfu kadhaa. Bado ni msiba mkubwa. Ila fikiria waliohama usiku ule wakapona: hakuna mgeni rasmi aliyepigwa picha nao.

Ombi langu kubwa ni hili: vigezo vya kutangaza eneo kuwa la maafa viandikwe na kutangazwa sasa, kabla hatujajua nani atapatwa. Kina cha maji, idadi ya kaya zilizokosa makazi, basi. Eneo likitimiza vigezo, msaada utoke, awe mbunge wake ni wa chama chako au wa upinzani.

Pia fungu la kujiandaa lionekane peke yake kwenye bajeti, na kila robo mwaka ibandikwe ukutani, katika ofisi ambazo wananchi hufika, orodha ya mitaro iliyozibuliwa, kingo zilizoimarishwa, na fedha zilizotoka kweli, maana kutengwa si kutolewa. Waandishi wa habari waachwe waikague. Tukiiona kazi hiyo, tutaweza kukupigia kura kwa ajili yake.

Na malori yafunguliwe yanapofika.

Naomba unijibu hadharani, kabla bajeti haijapitishwa.

Wako,
Mpiga kura