Bahasha uliyoambiwa uisukume

Mwanangu Neema,

Sisi hatujambo, na goti la bibi yako limepoa. Nije kwenye simu yako ya juzi. Uliponiambia bosi amewataka "push the envelope", yaani neno kwa neno "sukumeni bahasha", nikajua kwa nini ulikuwa unanong'ona. Kwetu bahasha ikisukumwa juu ya meza, kila mtu anajua ndani mna nini. Nilicheka, ila sikukulaumu. Hata mimi niliielewa hivyohivyo mara ya kwanza, na nilikuwa mwalimu wa hisabati tayari.

Bahasha hiyo si ya karatasi. Wanaojaribu ndege huchora mstari unaozingira yote ambayo ndege imeshathibitika kuyaweza: kasi hadi hapa, kimo hadi pale, kugeuka kwa nguvu kiasi hiki. Nje ya mstari hakuna ajuaye. Kuusukuma ni kutoka nje kidogo, kupima, kurudi, kisha kuuchora upya.

Chuck Yeager, rubani Mmarekani aliyeipita kasi ya sauti huko California tarehe 14 Oktoba 1947, hakukurupuka. Kasi iliongezwa kidogokidogo, safari baada ya safari. Alipofika kama asilimia 94 ya kasi ya sauti, akavuta usukani, pua ya ndege haikuinuka wala kushuka. Ikabidi mwenzake aliyekuwa mhandisi, Jack Ridley, akae chini na hesabu zake: achana na kile kibawa kidogo cha nyuma, inamisha mkia wote. Ikakubali. (Siku ya kuipita kasi ya sauti Yeager alikuwa na mbavu mbili zilizovunjika baada ya kuanguka na farasi. Aliwaficha wakubwa, akafunga mlango wa ndege kwa kipande cha mpini wa ufagio. Hilo usiige.)

Leo msemo umehamia kwenye mitindo, muziki, hata programu za simu. Ukimfasiria mwenzako, usiseme "kuvuka mipaka", atadhani umemkosea mtu adabu. "Kusogeza mpaka" nako ni kesi ya baraza la ardhi. Mimi ningesema "kupanua wigo". Na siku bosi akikwambia "don't push your luck", yaani usizidi kuijaribu bahati yako, hapo hakusifii, anakukanya.

Kwa hiyo Jumatatu muulize mstari wenu uko wapi sasa, na mtapimaje mkiutoka.

Mama yako anauliza kama kifurushi cha dagaa kilifika.

Baba yako